Kisa cha Ticha: uchaguzi wa mtaa wetu Novemba 2024 na vyama vilivyoamua kabla yetu

Hiki kisa nimekaa nacho muda mrefu bila kukiandika kwa sababu kila nikianza nakuta nataka kumlaumu mtu mmoja, na kila nikifikiria vizuri naona mtu mmoja hatoshi. Nakiandika chote sasa, kuanzia mwanzo, na nitasema na sehemu ambazo sisi wakazi wenyewe tulikosea maana bila hizo kisa hakieleweki.

Mtaa wetu uko pembezoni mwa Dar, upande wa barabara ya Morogoro, ukishaipita Kimara unashuka unapanda bajaji unaingia ndani. Wenyeji wanakwambia huku kote kulikuwa mikorosho na mihogo, watu wakauza mashamba vipande vipande, wanunuzi wakajenga, na sasa hivi kuna watu wa aina tatu wanaokaa pamoja bila kujuana sana. Kuna wenyeji wenyewe waliobakiza kieneo chao, kuna wapangaji wa vyumba ambao wengi ni vijana wa boda, mama lishe, mafundi, na kuna sisi wenye fensi na mageti, tunatoka saa 11 alfajiri kukwepa foleni na tunarudi usiku. Hatuna barabara ya lami, mvua za masika zikija korongo linakula njia, na gari la taka lilikuwa linapita likijisikia.

Ticha ni mwalimu mstaafu. Alifundisha sekondari miaka mingi, akajenga huku, akastaafu, akaanza kushughulika na mambo ya mtaa kwa sababu muda anao na kukaa kimya hawezi. Yeye ndo aliyefungua grupu la WhatsApp la wakazi, yeye ndo alikuwa anakusanya michango ya kifusi na kulipia greda, na kila mchango ukiisha anapiga picha risiti na daftari anaweka kwenye grupu mpaka shilingi ya mwisho. Sijui kama wote mnaelewa uzito wa hilo jambo, lakini kwenye mtaa ambao watu wameshachangishwa hela ya ulinzi shirikishi mara tatu na hakuna anayejua ilienda wapi, mtu anayeleta daftari bila kuombwa ni mtu wa kushikilia. Kwaiyo ilipofika katikati ya 2024 watu wakaanza kuandika kwenye grupu "Ticha gombea uenyekiti", kwanza wawili, kisha kumi, mwisho ikawa kila asubuhi.

Sasa kwa asiejua, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni mtu mdogo kwenye makaratasi na mkubwa sana kwenye maisha. Mshahara hana, ana posho tu. Mtendaji wa mtaa ndo mwajiriwa wa halmashauri, mwenyekiti anachaguliwa na wakazi pamoja na wajumbe watano, wawili kati yao kundi la wanawake. Lakini barua ya utambulisho ya kwenda benki, ya kufuatilia kitambulisho cha NIDA, ya pasipoti, ya kumdhamini mtoto wako polisi, ya kikundi cha kina mama wanaoomba ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, yote inapita kwenye hiyo ofisi na muhuri wake. Ukiuza au ukinunua kiwanja ambacho hakijapimwa, na huku pembezoni vingi havijapimwa, mnaandikishiana pale, na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakidaiwa asilimia 10 ya bei ya kiwanja ambayo serikali yenyewe imeshasema mara kadhaa haipo kisheria. Kwaiyo anaesema uchaguzi wa mtaa ni mambo madogo huyo hajawahi kuuguliwa na mtu akaambiwa alete barua ya mtaa na mwenyekiti hapatikani.

Ticha alikubali kugombea. Akaandika ujumbe mrefu kwenye grupu akisema atasimama kama mkazi, hana chama, anataka kutumikia watu wa vyama vyote. Watu wakaweka mioyo na makofi. Na pale pale ndipo kisa kilipoanza kuharibika, kwa sababu kitu hicho hakipo.

Tanzania huwezi kugombea uenyekiti wa mtaa bila kuwa mwanachama wa chama cha siasa na kudhaminiwa nacho. Watu wengi wanajua hii sheria kwa urais na ubunge, wakifika kwenye mtaa wanadhani huku ni kwetu wenyewe. Hapana, mpaka kwenye kitongoji ni hivo hivo. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alipigania mgombea binafsi zaidi ya miaka ishirini. Mahakama Kuu ilimpa haki 1994, Katiba ikabadilishwa mwaka huo huo kufunga mlango, akarudi akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikasema 2010 kwamba hilo ni la Bunge kuamua, akaenda mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ambayo iko hapo hapo Arusha, na Juni 2013 ikasema Tanzania imekiuka haki. Mtikila alifariki kwa ajali Oktoba 2015. Mlango haujafunguliwa mpaka leo, na sisi kwenye mtaa wa bajaji na korongo tuliukuta umefungwa vile vile.

Binafsi nilipomueleza Ticha hii habari alikuwa hajui. Mwalimu wa miaka yote ile alikuwa hajui, na wala simshangai, kwa sababu nani anatufundisha? Akaniambia "dada, yani mimi kusimamia kifusi mpaka nichukue kadi?" Nikamwambia ndio Ticha, ndo ilivyo.

Mtaani kwetu vyama vyenye nguvu ni viwili, vingine vipo kwa bendera tu. Sitovitaja hapa kwa sababu yaliyotokea kwenye mtaa mmoja siwezi kuyabebesha chama kizima nchi nzima, nitaviita cha kwanza na cha pili. Ticha akaanza na cha kwanza. Akachukua kadi, akalipa ada, wakampokea vizuri kabisa, akachukua fomu ya ndani ya chama ya kuomba kuteuliwa. Tatizo likaja kwenye kura za maoni. Kura za maoni wanapiga wanachama, tena wale wa tawi, na wanachama wa tawi ni watu waliofahamiana miaka na miaka, wamezikana, wamechezeana ngoma, wamesaidiana ada za watoto. Mtu aliyechukua kadi wiki chache zilizopita anasimama mbele yao anaongelea uwazi wa mapato na matumizi na wanamsikiliza kwa heshima, halafu wanampigia wanaemjua. Kulikuwa na maneno pia ya hela kugawiwa usiku wa kuamkia siku hiyo, ila mimi sikuona kwa macho yangu kwaiyo siwezi kuyaweka hapa kama ushahidi, na kusema kweli nadhani hata bila hela Ticha asingeshinda pale. Alikuwa mgeni kwenye nyumba ya watu.

Hapa ndo pa kutulia kidogo kwa sababu kwa maoni yangu uchaguzi wenyewe ulikuwa huu. Siku ile kwenye uwanja wa tawi walikuwepo watu ambao ungeweza kuwahesabu kwa macho, na wao ndo waliamua nani ataongoza maelfu. Sisi wengine wote tulikuwa kazini. Wengi hatukujua hata kama kuna kitu kinaendelea, na tungejua tusingeruhusiwa kupiga kwa sababu sio wanachama. Ukikaa kwenye mtaa ambao chama kimoja kina uhakika wa kushinda, basi kura ya maoni ya hicho chama ndo kura, ile ya Novemba ni ya kuthibitisha.

Ticha angeishia hapo ingekuwa heri. Ila chama cha pili kikamfuata. Wakamwambia Ticha wewe unakubalika, sisi tutakusimamisha. Watu wa grupu tukafurahi, mimi nikiwemo, tukamsukuma. Hatukufikiria kwamba chama cha pili nacho kilikuwa na mtu wake, kijana mmoja fundi umeme ambae amebeba hicho chama mtaani kwetu tangu 2014, amekaa mahabusu mara mbili kwa ajili yake, na 2019 fomu yake ilikatwa. Huyu kijana aliambiwa akae pembeni ampishe mzee anaekubalika na watu wa mageti. Alikubali hadharani ila moyoni aliumia, na waliokuwa wanamfuata, vijana wa boda hasa, wakapoa. Kampeni ya Ticha ilikuwa inawahitaji hao vijana kuliko kitu chochote. Nilikuja kuongea na yule fundi miezi kadhaa baadae akaniambia maneno ambayo yamenikaa, "dada mimi sikumchukia Ticha, ila mlinifanya daraja bila kuniuliza kama nataka kukanyagwa."

Tuje kwenye fomu sasa. Kwa wasiokumbuka, uchaguzi wa serikali za mitaa wa 14 Desemba 2014 upinzani uliokuwa umeungana kama UKAWA ulichukua karibu theluthi moja ya mitaa, na Dar ulitisha. Uliofuata wa 24 Novemba 2019 wagombea wa upinzani wakakatwa kwa wingi kabisa kwenye hatua ya uteuzi, sababu zinazosikika zikiwa kukosea kujaza, kuandika kifupisho cha chama badala ya jina refu, jina kutofanana, ofisi kukutwa imefungwa siku ya kurudisha. CHADEMA, ACT-Wazalendo na vyama vingine vikajitoa, waziri wa TAMISEMI (wizara inayosimamia serikali za mitaa) wakati ule Selemani Jafo akatangaza waliokatwa warudishwe lakini vilikuwa vimeshaondoka, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99, sehemu nyingi bila hata kura kupigwa. Kwaiyo 2024 kila mtu aliingia akiwa na hofu ya fomu.

Ratiba ya 2024 ilikuwa kuchukua na kurudisha fomu 26 Oktoba mpaka 1 Novemba, uteuzi tarehe 8 Novemba. Ticha alijaza fomu kwa mkono wake mzuri wa ualimu, tukapiga picha kila ukurasa, tukaenda watu wanne kuirudisha ili kuwe na mashahidi. Tarehe 8 majina yanabandikwa, la Ticha halipo. Sababu iliyotolewa ni kwamba kwenye sehemu ya kazi aliandika "mstaafu" na hiyo haionyeshi shughuli halali inayomuingizia kipato. Mtu anapokea pensheni ya serikali! Nilimuona yule mzee amesimama mbele ya ubao anasoma tena na tena kama vile anasahihisha mtihani, akitafuta kosa liko wapi.

Alikata rufaa. Wakati huo kelele zilikuwa nchi nzima, mpaka Katibu Mkuu wa CCM mwenyewe, Emmanuel Nchimbi, alijitokeza kuomba makosa madogo madogo ya kwenye fomu yasiwe sababu ya kuengua watu, na waziri wa TAMISEMI wakati huo Mohamed Mchengerwa akaongeza muda wa rufaa. Ticha alirudishwa. Wengi hawakurudishwa, lakini wa kwetu alirudishwa na nasema hilo kwa sababu ni kweli na haki yake kusemwa. Tatizo wajumbe watatu kati ya watano wa upande wake hawakurudi, kwaiyo alikuwa anaenda kugombea kuongoza kamati ambayo tayari nyingi yake ilishakuwa ya upande mwingine. Na siku zile za rufaa ndo siku ambazo mwenzake alikuwa anapita nyumba kwa nyumba.

Ila sasa mnisikilize vizuri hapa maana hapa ndo palipotuangusha, na hapa hakuna chama cha kulaumiwa.

Uchaguzi wa mtaa hautumii kadi ya mpiga kura. Ile kadi ya tume ni ya urais, ubunge na udiwani. Wa mtaa una orodha yake, inaandikwa kwa mkono kwenye kituo cha mtaa wenu, na 2024 uandikishaji ulikuwa siku kumi tu, 11 mpaka 20 Oktoba. Unaenda, unataja jina, umri, unasaini, basi, haichukui dakika tano. Nchi nzima waliandikishwa zaidi ya watu milioni 31, yani kampeni ya kuhamasisha ilikuwepo, rais mwenyewe alionekana akijiandikisha Chamwino. Lakini kwenye mageti yetu watu walikuwa wanaandika kwenye grupu "mimi kadi ninayo tangu 2020" na wengine wanawajibu "safi sana". Mimi ni mmoja wa maadmini. Niliona zile meseji. Nilijua kuna tofauti lakini sikuwa na uhakika nayo, nikawa nasema nitauliza, nitauliza, siku kumi zikaisha. Nilijiandikisha mimi mwenyewe siku ya nane kwa sababu nilipita tu kituoni nikitoka sokoni.

Wakati huo huo mjumbe wetu, yule mama ambae kwenye chama chake anaitwa balozi wa shina na sisi wote tunamwita mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa na daftari la shule la kurasa tisini na sita. Kila jioni anapita. Anagonga. Fulani umejiandikisha? Na mkeo? Na yule kijana wako wa saluni ametimiza kumi na nane? Asiejiandikisha kesho asubuhi anapitiwa anapelekwa. Mama ana miaka sitini na kitu na miguu inamsumbua. Mageti yetu aligonga pia, mlinzi akamwambia bosi hayupo, au mbwa akabweka, au dada wa kazi akaongea nae kupitia kale kadirisha akasema atafikisha ujumbe. Watu wanasema chama kilishinda kwa nguvu ya dola, na kuna maeneo yana malalamiko mazito sana kuhusu hilo, CHADEMA ilisema wanachama wake waliuawa kipindi kile na hayo sio mambo ya kupita juu juu. Lakini kwenye mtaa wangu, nilichokiona kwa macho yangu ni mama mmoja na daftari.

Na huyo mama hakuanzia 2024. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU miaka ya sitini, enzi za chama kimoja mjumbe alikuwa ndo serikali ya jirani, ugomvi wa mke na mume kwake, mgeni akilala anaripotiwa kwake. Vyama vingi viliporudi 1992 mjumbe kisheria akabaki mtu wa chama tu, lakini nani alitangaza hilo mtaani? Watu waliendelea kwenda kwake. Mpaka leo kuna ofisi za mitaa ukienda kuomba barua unaulizwa "mjumbe wako anakufahamu?" Kwaiyo mkazi anakuta ili serikali imtambue inabidi kwanza kiongozi wa chama amtambue, hata kama yeye ni wa chama kingine, hata kama hana chama kabisa. Kwa mtazamo wangu hili ni kosa kubwa kuliko hata la fomu, kwa sababu fomu inamgusa mgombea mmoja kila miaka mitano na hili linamgusa kila mtu kila wiki. Chama chochote kinachotaka kushindana kwenye mtaa kinashindana na mtandao ambao watu wanauona kama sehemu ya serikali.

Kampeni zilikuwa siku saba, 20 mpaka 26 Novemba. Nilitegemea kusikia habari za korongo, taka, taa za njiani, ile asilimia 10 ya viwanja. Jukwaa la chama cha kwanza likaongelea treni ya SGR na bwawa la Nyerere. Jukwaa la chama cha pili likaongelea katiba mpya na watu waliotekwa. Ni mambo ya maana yote, mimi nayajali yote, lakini mwenyekiti wa mtaa hawezi kuleta treni wala katiba. Wageni kutoka wilayani walikuja na gari la matangazo wakaongea saa nzima, Ticha akapewa dakika saba za mwisho, giza linaingia, mama lishe wanakunja meza. Alianza kusoma mapato na matumizi ya kifusi. Mtu mmoja wa chama chake akamnong'oneza asalimie kwanza kwa salamu ya chama. Akasahau akaendelea na kifusi. Nilimpenda sana pale, na pale pale nikajua hatutoboi.

Tarehe 27 ilikuwa mapumziko, kura saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Kituo kilikuwa kwenye uwanja karibu na ofisi ya mtaa. Kufika saa tatu nikakuta wenzangu wa mageti wamesimama pembeni na kadi zao za tume mkononi, wamevaa vizuri, wameacha shughuli zao, wanaangalia orodha ukutani hawajioni. Mmoja ni daktari, mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi, wote walimchangia Ticha hela za kampeni. Wakawa wanamuuliza msimamizi kwa ukali, na msimamizi kijana wa watu akawajibu kwa adabu kabisa "mzee, hujajiandikisha, siwezi kukuandika leo." Kuna mmoja akasema amehujumiwa jina limefutwa. Halikufutwa, halikuwahi kuandikwa. Walirudi nyumbani, na nusu saa baadae grupu likajaa malalamiko ya wizi wa kura ambayo hayakuwa ya kweli, nikayafuta, nikatukanwa.

Kwenye kuhesabu mawakala wa pande zote walikuwepo. Mtaani kwetu sikuona kura za mfukoni wala sanduku lililoletwa na gari, nasema nilichokiona na kituo kimoja tu. Ticha alishindwa. Namba kamili sitaweka ila tofauti yake ilikuwa ndogo kuliko idadi ya watu waliomo kwenye grupu letu la WhatsApp ambao hawakuwa kwenye orodha. Hiyo hesabu niliifanya usiku ule, jina kwa jina, na sijalala vizuri siku mbili. Nchi nzima CCM ilitangazwa kuchukua asilimia 98.83 ya mitaa.

Kuna watu nikiwasimulia wanasema dawa ni vyama vitoke kabisa kwenye mitaa. Majirani zetu wapo waliojaribu njia hiyo au nyingine tofauti na yetu. Rwanda kwenye ngazi ya kijiji wagombea wanasimama kama watu binafsi, wananchi wanapanga foleni nyuma ya wanaemtaka. Uganda uchaguzi wa LC1, yani wa ngazi ya kijiji, wa Julai 2018 vyama vilikuwemo ila ulikuwa wa kupanga mstari, na ulikuja baada ya miaka kumi na saba bila uchaguzi huo. Kenya katiba ya 2010 inaruhusu mgombea binafsi mpaka udiwani. Sidhani kama kuondoa jina la chama kwenye karatasi kunaondoa chama kwenye mtaa, mtu akipanga foleni mbele ya macho ya kila mtu woga unaweza kuwa mkubwa zaidi, na chama kinachotawala kinajua nani ni nani hata bila bendera. Mimi nisingevifukuza vyama. Ningetaka Ticha awe na haki ya kusimama bila kadi, akishindwa ashindwe na wakazi, na ningetaka barua ya mtaa isipitie kwa mtu wa chama chochote. Hayo mawili tu. Na orodha ya wapiga kura iwe moja, maana hakuna faida yoyote ya kumchanganya mwananchi kwa madaftari mawili yanayoendeshwa na ofisi mbili tofauti.

Mwenyekiti mpya sio mtu mbaya. Gari la taka sasa linapita Jumanne na Ijumaa. Hela za ulinzi bado hazina daftari. Ticha aliugua kidogo mwanzoni mwa 2025, akapona, alirudisha kadi zote mbili kwenye droo na hakujitoa kwenye grupu, ila haandiki tena. Nimemuomba arudi kwenye kifusi, akasema "dada acha kwanza."

Mimi mwezi wa tatu nilihitaji barua ya mdogo wangu ya kitambulisho cha NIDA. Nikaambiwa kama kawaida nianze kwa mjumbe. Nikaenda, nikamsalimia shikamoo mama, akaniletea kigoda, akatoa lile daftari lake akawa analifungua kutafuta nyumba yangu. Akaipata. Nilichungulia nikaona palipotakiwa kuandikwa jina pameandikwa "geti jeusi, hawafungui". Akaniuliza jina, nikamtajia, akalifuta lile akaandika langu taratibu kwa herufi kubwa. Akauliza kwenye hiyo nyumba mko wangapi waliofika miaka kumi na nane. Nikasema watatu, mimi, mume wangu na mdogo wangu.

Akanyanyua kalamu. "Na yule binti anayenijibu kwenye kadirisha, yeye ana miaka mingapi?"

Ishirini na mbili. Nikamwambia tuko wanne, akaandika nne.